Nilivyomlalamikia Mungu kwa ratiba

Mtoto wetu wa pili alizaliwa amefariki, mimba ikiwa ya miezi nane, na kitu ambacho hakuna mtu aliyenitahadharisha ni maziwa. Yaani mtoto kashazikwa, wameenda wazee wa kiume tu, mimi hata kumwona niliambiwa haifai, alafu siku ya tatu matiti yakajaa mpaka yanauma, blauzi imelowa, mwili ulikuwa bado haujapewa taarifa. Mama mkwe akanifunga khanga kifuani akaikaza, hakusema neno, na mpaka leo nikiulizwa nani alinifariji siku zile namtaja yeye.

Maana wengine walisema sana jamani. Kazi ya Mungu haina makosa, we bado mdogo utapata mwingine, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Siwalaumu, ndo maneno tuliyorithi msibani, ila mi nilikuwa naitikia amina huku nimemkasirikia huyo huyo Mungu hadi kusali siwezi. Mlutheri wa kuzaliwa, mwanakwaya, hasira kama ile unaipeleka wapi?

Nesi wa kliniki ndo aliniona nimekonda akanipeleka kwa dada wa ushauri. Akanipa dodoso la maswali 10, lilitengenezwa Edinburgh kule Uskoti mwaka 1987 kwa ajili ya wamama waliojifungua, linauliza siku 7 zilizopita umejisikiaje. Swali la kwanza tu, umeweza kucheka? Nikaangua kilio pale pale. La mwisho linauliza kama umewahi kuwaza kujidhuru, na hapo ndo akaweka kalamu chini tukaongea kwanza. Akaniambia siku jibu likiwa ndiyo, hata iwe usiku wa manane, mwamshe mumeo mje hospitali, msisubiri maombi ya Jumapili.

Mi nilitegemea mambo ya kina, yeye akaanza na usingizi na uji! Nilimsimulia mchungaji wetu nikijua atabisha, akacheka, akafungua 1 Wafalme 19, pale Eliya amechoka anamwomba Mungu amuue. Malaika hakumhubiria, alimwambia inuka ule, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena, ndo safari ikaendelea. Akaniambia pia wale rafiki zake Ayubu walifanya vizuri zile siku saba walizokaa chini naye kimya, waliharibu walipofungua midomo. Kisha akaniachia Zaburi 88, isome, akasema, ukimaliza usitafute mwisho mzuri maana haina. Kweli haina, inaishia gizani kabisa. Sikuwahi kusikia ikisomwa kwenye ibada yoyote.

Usingizi uliporudi kidogo ndo dada akanipa kazi ya kuandika. Kila siku saa kumi jioni, robo saa, alamu ya simu, naandika hasira yote bila kujali sarufi, ikilia nafunga daftari. Wazo likija saa nane usiku naliambia subiri saa kumi. Mwanzoni nililiona kama la kitoto, na wiki ya kwanza kwa kweli nilikuwa natoka pale nimevurugika zaidi, ila taratibu usiku ukaanza kuwa wa kulala. Baadaye nikasoma kwamba mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha mwaka 1986 jaribio la wanafunzi walioandika machungu yao robo saa kwa siku nne mfululizo, na miezi iliyofuata wakawa wanaenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao. Mi nikachanganya na Zaburi ya 13, naanza na ule mstari wake, hata lini utanisahau, kisha naendelea na ya kwangu.

Sentensi iliyojirudia daftarini ilikuwa moja, nimemuua kwa kubeba ndoo za maji. Dada hakuniambia usiwaze hivyo. Aliniambia hii unaiandika kama hukumu, ushahidi wake uko wapi, nenda kamuulize daktari kama ilivyo. Nikaenda natetemeka. Daktari akasema presha ilipanda, kondo likajitenga kabla ya wakati, ndoo haihusiki. Sala ngapi nilikuwa nimesali niondolewe lile wazo, kumbe jibu lilikuwa kwa daktari, na sioni kama hapo Mungu amepungukiwa na chochote.

Mume wangu alienda kwa dada mara moja akasema mi kuandika siwezi. Yeye alipasua kuni, tulikuwa na kuni za kugawia majirani. Ila siku nimempa daftari asome alikaa nalo mpaka giza likaingia, akasema mtoto apewe jina, tukabishana sana kuhusu jina maana alitaka la baba yake, tukampa, na mchungaji akaja nyumbani akaliombea akilitaja.