Nilivyoandika upya kazi, mazingira na viwango vya utayari wa kikosi

Orodha ya kazi kuu za kombania niliyoikuta, yaani kazi ambazo kikosi hupimwa nazo kama kiko tayari, ilikuwa na kazi 23. Nilipomaliza zilibaki 6, na hizo 6 zilijaza kurasa nyingi kuliko zile 23. Ninaeleza hapa njia niliyoifuata, kwa ajili ya afisa mafunzo au sajenti aliyekabidhiwa shughuli kama hiyo. Kila kazi huandikwa pamoja na mazingira, yaani masharti ambayo inapimwa chini yake, na kiwango, yaani kinachohesabika kuwa imefaulu. Nitakaa zaidi kwenye mazingira, kwa sababu ndiyo sehemu inayoandikwa kwa haraka, na ndipo utayari wa kwenye karatasi unapoachana na utayari wa kweli.

Nilianza na tamko la dhima lenyewe, yaani maneno ya amri yanayokipa kikosi jukumu lake. Orodha ya kikosi kingine sikuigusa. Tamko la dhima linajibu nani, afanye nini, lini, wapi na kwa sababu gani. Nilipigia mstari kila kitenzi, nikapata kazi zilizoamriwa. Kisha nikatafuta zilizojificha. Amri ikisema kombania ilinde daraja kwa saa 72, haitaji popote kuhamisha majeruhi wala kupokea maji na risasi usiku, lakini hakuna daraja linalolindwa saa 72 bila mambo hayo mawili. Mwisho kila kazi ilipita kwenye swali moja: hii ikishindikana, dhima inashindikana? Kama jibu ni kwamba dhima itachelewa tu, kazi hiyo inabaki kwenye mafunzo ya kawaida na haiingii kwenye orodha kuu.

Sababu ya kupunguza ni hesabu tu. Kazi moja ya kombania ikipimwa kwa haki inahitaji usiku mmoja au zaidi, askari wa kuigiza adui, watathmini kutoka nje ya kikosi, na siku ya kurudia kwa walioshindwa. Ukiwa na kazi 23, mwaka hautoshi, na zile zisizofikiwa zitajazwa ofisini.

Kitenzi cha kazi ni kimoja, na mwisho wake uonekane kwa macho. Kuteka, kuvizia, kuvuka, kuzuia, kuhamisha: vyote vina mwisho. Kuimarisha, kusaidia, kuhakikisha na kuelewa havina, na mtathmini hawezi kusema vimekamilika lini. “Kupanga na kutekeleza doria” ni kazi mbili. Ukiziacha pamoja, mpango mzuri utafunika doria mbovu. Tena usitaje kifaa ndani ya kazi. “Kutumia redio kuripoti adui” inamnyima alama askari aliyefikisha taarifa kwa miguu baada ya redio kuvurugwa. Kazi ni kufikisha taarifa ya adui kwa kamanda. Redio ni mojawapo ya njia.

Sasa mazingira. Mafundisho ya pamoja ya majeshi ya Marekani huyagawa katika makundi matatu: ya asili, ya kijeshi na ya kiraia. Nilitumia mgawanyo huo kujikagua nisisahau kitu, kisha nikafuta kila sharti lisilobadilisha matokeo. Kipimo cha kufuta ni rahisi: sharti hili likiondolewa, je, muda, idadi au uamuzi wa kamanda utabadilika? Kama haubadiliki, ni mapambo. Kinachobaki lazima kijibu mambo manne: saa inaanza kuhesabiwa kwa ishara gani, kikosi kina nini mkononi, kimekosa nini, na adui anafanya nini wakati huo.

Jambo la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi. Orodha nyingi husema “kikiwa na vifaa vyote na askari wote”, hali ambayo kikosi kilichokaa vitani wiki moja hakiwi nayo. Niliandika platuni ya askari 24 kati ya 30, mganga wake akiwa miongoni mwa majeruhi, na redio kuu imevurugwa.

Neno “usiku” nalo lina mtego. Kikosi kimoja kitapimwa nusu saa baada ya jua kuzama, mwanga bado upo angani, na kingine kitapimwa usiku wa manane bila mwezi, halafu wote wawili wapewe alama ya usiku. Nilitumia kipimo kinachojulikana jeshini na baharini: jua likiwa nyuzi 12 chini ya upeo wa macho. Jua huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo karibu na ikweta, ambako linazama karibu wima, giza hilo hufika kama dakika 45 baada ya machweo. Mbali na ikweta huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo usiandike dakika, andika nyuzi. Kisha ongeza hali ya mwezi, na kama miwani ya kuonea usiku inaruhusiwa, taja ni mingapi.

Kiwango kina vipande viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna kipimo, yaani kitu unachohesabu: dakika, asilimia, idadi, umbali, au ndiyo na hapana. Halafu kuna kikomo, yaani kiasi kinachotakiwa. “Muda wa kuzuia damu” ni kipimo. “Ndani ya dakika 2” ni kikomo. Kimoja bila kingine si kiwango.

Kikomo lazima kiwe na chanzo nje ya kikosi: mwili wa binadamu, ardhi, adui, au ratiba ya wanaokutegemea. Askari wa Marekani hutakiwa kuvaa kinyago cha gesi, kukisafisha hewa na kukikagua ndani ya sekunde 9, na msingi wake ni pumzi: mtu aliyeshtushwa ghafla hawezi kuibana kwa muda mrefu. Namba ya namna hiyo haijadiliwi. Lakini namba iliyotokana na wastani wa mazoezi ya mwaka jana inaeleza tu kwamba kikosi kinaweza kufanya kinachokifanya tayari.

Kwa mwendo wa miguu nilianza na kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, na saa nzima zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 zenye mwinuko wa mita 300 ni dakika 96 na 30, jumla 126. Hiyo ni hesabu ya mtembea milima mwenye afya, mchana. Mzigo, giza na tahadhari ya adui huongeza muda, na ongezeko hilo nililipata kwa kuipitisha seksheni, yaani sehemu ya platuni, njia ileile na kuipima. Sikulikisia.

Mfano wa kuhamisha majeruhi unaonyesha namna vipande hivi vinavyoungana. Juni 2009 Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Marekani, aliagiza majeruhi mahututi nchini Afghanistan wafikishwe kwenye matibabu ndani ya dakika 60. NATO nayo ina mpangilio wa dakika 10, saa 1 na saa 2: damu na njia ya hewa zishughulikiwe ndani ya dakika 10 za kujeruhiwa, tiba ya juu ya kuokoa maisha ianze ndani ya saa 1, na upasuaji ndani ya saa 2. Hizo ni namba za mfumo mzima. Platuni inahitaji kipande chake, na kipande hicho hupatikana kwa kuhesabu kutoka mwisho kuja mwanzo.

Tuseme ombi linatoka dakika ya 10 baada ya kujeruhiwa. Helikopta inahitaji dakika 15 kupaa, 15 kufika, 5 za kupakia na 15 za kurudi. Hizo ni 50, zinabaki 10 za akiba ndani ya saa 1 ya ombi. Maana yake helikopta inatua dakika ya 40. Kwa hiyo kikomo cha platuni ni dakika 40. Ukiandika 45 kwa sababu inaonekana namba nzuri, umeiacha helikopta ardhini dakika 5 za ziada mbele ya adui. Nilichoandika kilikuwa hivi:

Kazi: Platuni inahamisha majeruhi hadi mahali pa kuchukuliwa.

Mazingira: Jua liko zaidi ya nyuzi 12 chini ya upeo, hakuna mwezi. Askari 24 wapo kati ya 30. Majeruhi ni 3: wawili wa machela, mmoja wao akitokwa damu nyingi pajani, na mmoja anayetembea. Mganga ni mmoja wa wale wa machela. Umbali ni mita 800 kwenye vichaka. Redio kuu haifanyi kazi, ya akiba ipo. Adui anafyatua risasi dakika 10 za kwanza. Saa inaanza mtathmini anapomgusa majeruhi wa kwanza.

Kiwango: Damu ya pajani imezuiwa ndani ya dakika 2 na saa mkanda ulipokazwa imeandikwa. Mistari 5 ya kwanza ya ombi la kuhamisha imepokelewa na kusomwa tena na mpokeaji ndani ya dakika 10. Majeruhi wote 3 wako mahali pa kuchukuliwa ndani ya dakika 40. Silaha na redio zote zimehesabiwa kabla ya kuondoka. Kila upande wa mahali pa kuchukuliwa una angalau askari mmoja anayeangalia nje muda wote.

Kila namba hapo ina kazi. Dakika 2 ni kwa sababu mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, na chini ya risasi tiba pekee ya maana ni mkanda wa kukaza, uliofungwa juu ya jeraha, mbali na kiungo. Muda huandikwa kwa sababu mkanda ukipita saa 2 hatari kwa mguu inaongezeka, na daktari atakayempokea lazima ajue. Mistari 5 inatosha kwa sababu ombi la mistari 9 linaruhusu chombo kiondoke kwa mitano ya kwanza, na minne iliyobaki itumwe kikiwa njiani.

Idadi ya watu ndiyo iliyowaumbua wengi. Toa majeruhi 3 kwenye 24, wanabaki 21. Machela 2 zinachukua wabebaji 8, na wa kuwapokea 8. Wamebaki 5, kamanda na mwenye redio wakiwemo, kulinda pande zote. Kamanda anayeijua hesabu hii ataacha kupokezana, au atabeba machela moja kwanza, au ataomba seksheni ya jirani. Kwenye sharti la “askari wote wapo” uamuzi huo haujitokezi kabisa.

Baada ya kuandika huja jaribio ambalo sikuliruka kwa kazi yoyote. Watathmini wawili wasiozungumza wanapima zoezi moja kwa fomu moja, kisha fomu zinalinganishwa mstari kwa mstari. Wakitofautiana, kosa ni la mstari. Karibu kila mara chanzo kilikuwa maneno: “ipasavyo”, “kwa haraka”, “kwa usalama”, “kwa ushirikiano mzuri”. Mstari uliosema “ulinzi umewekwa ipasavyo” uliwagawa. Uliosema kila upande una askari anayeangalia nje haukuwagawa tena. Kama sifa haiwezi kugeuzwa kuwa kitu kinachoonekana, niliifuta.

Usitafute wastani wa hatua muhimu. Fomu ya hatua 20 iliyopata 18 inasomeka asilimia 90, lakini kama moja ya zile 2 ni damu isiyozuiwa, majeruhi amekufa na kazi imeshindwa. Niliweka alama kwenye hatua chache zinazoua au kuangusha dhima, na yoyote kati ya hizo ikikosekana jibu ni kushindwa, hata zilizobaki zikiwa kamili. Ziwe chache kweli. Ukiweka alama hatua 15 kati ya 20, watathmini wataanza kusamehe, na wakisamehe moja watasamehe zote.

Matokeo yanahitaji lugha fupi kwenda juu. Jeshi la nchi kavu la Marekani limetumia herufi T kwa kilichofunzwa, P kwa kinachohitaji mazoezi na U kwa ambacho hakijafunzwa. Taarifa za utayari za majeshi yote ya nchi hiyo kwa pamoja hutumia ndiyo, ndiyo yenye dosari, na hapana. Hiyo ya kati ni ya manufaa sana ikiandikwa kwa ukweli: kikosi kinaweza, isipokuwa kwenye sharti hili. Nilikataa kupokea “ndiyo yenye dosari” isiyotaja sharti lililokosekana na kitu kinachohitajika kuliziba, kwa mfano: haijapimwa redio ikiwa imevurugwa, zinahitajika siku 2 na redio 2 za akiba.

Kila alama ina tarehe na majina ya wenye vyeo waliokuwepo. Platuni ikibadilisha kamanda pamoja na sajenti wake, alama inashuka ngazi moja hadi ipimwe tena, hata kama haijatimiza miezi 3. Hilo lilileta ubishi mwingi, nami nalisimamia: aliyepimwa ni timu, na timu ile haipo.

Kazi ya mwisho niliifanya kwenye jedwali, kazi 6 kushuka na platuni 3 kuvuka. Niliweka alama kwenye kila kisanduku ambapo kazi inaitegemea platuni hiyo, kisha nikarudi kwenye dhima kuona kazi zipi zinatokea kwa wakati mmoja. Kulinda daraja, kupokea vifaa usiku na kuhamisha majeruhi zilikuwa na “ndiyo” kila moja peke yake, na zote tatu ziliitegemea platuni ya 2. Tangu hapo orodha ina mstari wa ziada chini ya viwango, unaotaja kazi ambazo lazima zipimwe pamoja usiku uleule, kwa askari walewale. Kulinda daraja na kuhamisha majeruhi ndiyo jozi ya kwanza kwenye mstari huo.