Maji ya ziwa na kiti cha mlevi

Hadithi yangu ilifia ukurasa wa kumi na moja. Watu watano ndani ya mtumbwi, injini imezima katikati ya Ziwa Nyasa, Matema haionekani tena, maji ya kunywa imebaki chupa moja. Nilishapanga hadi nani atatoswa. Nikampa mpwa wangu wa kidato cha pili asome. Akasoma huku anamenya viazi, akanirudishia daftari lina alama ya dole gumba lenye udongo.

"Anko, si wapo ziwani? Kwa nini hawanywi?"

Maji ya Nyasa ni baridi, hayana chumvi, nimeyanywa mwenyewe tangu utoto. Ila nimesoma mno vitabu vya mabaharia wanaokufa kiu, nikaihamishia bahari nzima Kyela bila kujijua.

Tangu siku hiyo hadithi za aina hii nazisoma kwa jicho la kipolisi. Mwandishi anaanza kwa kufunga milango yote: chakula kimepimwa, mashua inabeba sita, watu ni saba. Halafu anakugeukia, haya, wewe ungefanyaje? Siku hizi simjibu mpaka nijue nani kasema hakuna maji.

Kisa kimoja kimenishinda kukipangua, na hicho si cha kutunga. Mwaka 1884 mashua ya Kiingereza, Mignonette, ilitoka Southampton ikipelekwa Sydney na watu wanne. Ikazama Atlantiki. Kwenye kiboti cha kujiokolea walikuwa na makopo mawili ya mboga za mizizi, wakabahatika kumpata kasa mmoja. Zilipokaribia siku ishirini, nahodha Dudley, kwa kukubaliana na msaidizi wake Stephens, alimchinja kijana wao wa kazi, Richard Parker, mwenye miaka 17, ambaye alikuwa hoi. Kura haikupigwa. Siku chache baadaye ikapita meli ya Kijerumani ikawaokoa. Mahakama ilikataa kwamba shida inahalalisha kuua. Wakahukumiwa kifo, adhabu ikaja kupunguzwa kuwa miezi sita jela.

Watu hubishana juu ya Dudley. Mimi namuwaza wa nne, Brooks. Yeye hakukubali, wala hakushika kisu. Lakini nyama alikula, na kwenye kesi akawa shahidi.

Namuwaza kwa sababu ya safari yangu moja ya Makete, mwezi wa tatu, mvua haikatiki. Kosta yetu ilipanda zile kona 57 za Chimala salama, tukapita Matamba, tope likatushika giza linaingia. Baridi ya kule juu, karibu na Kitulo, anayeijua anaijua. Jirani yangu wa kiti alikuwa amekunywa ulanzi wa kutosha, na ulanzi ukaamua kurudi, wote, kwenye njia ya katikati. Mama mwenye kichanga akajiziba pua kwa khanga. Mzee mmoja wa mbele akasema huyu atolewe nje. Wengine wakadakia, atatuua na harufu.

Konda akatuangalia mmoja mmoja, kama anadai nauli. Zamu yangu ilipofika, niliinama kufunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imeshafungwa.

Jamaa alitoka bila ugomvi. "Mnisamehe, wazee wangu," akasema, akashuka kwenye mvua. Konda akamrushia turubai. Nilikaa kama nusu saa hivi nikikiangalia kile kiti kitupu, halafu nikanyoosha miguu juu yake, nikalala. Nililala vizuri sana.

Madirisha ya ile kosta yalikuwa yanafunguka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejaribu.

Asubuhi nilimkuta anakata matawi ya kuweka chini ya matairi, turubai bado liko mabegani, midomo imekuwa ya kijivu. "Kaka, mmeamkaje?" Nikamjibu salama. Tukasukuma wote, gari likatoka. Alipopanda alisimama pale kwenye kiti chake, mkoba wangu uko juu yake. Nikauvuta haraka, nikapangusa kiti kwa mkono.

"Acha tu, kaka, bado nanuka," akasema, akaenda kukaa mbele, juu ya injini.