Goti la kulia, siti ya C: nilivyomchagulia mama daraja la ndege

Ilipojulikana kwamba mama anakwenda Mumbai kubadilishwa goti, kila aliyewahi kupanda ndege hapa kwetu Ngamiani, Tanga, alikuwa na neno. Mmoja alisema mgonjwa ni bizinesi tu, hakuna mjadala. Mwingine akasema ndege ni ndege, wa mbele na wa nyuma wote mnafika saa ile ile. Wa tatu, na huyu ndiye aliyetuumiza, akasema nimlipie mama siti ya mlango wa dharura, ina nafasi ya miguu kuliko bizinesi na bei yake ni ya kutupa.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mama atakaa kitini kwa muda gani, mchana au usiku, na goti bovu ni la mguu upi. Hayo ndiyo yanayoamua daraja. Jina la daraja lililoandikwa kwenye tiketi linafuata nyuma.

Dar hadi Mumbai kwa ndege ya moja kwa moja ni kama saa 6. Bizinesi ya kwenda na kurudi kwa mama peke yake ilikaribia milioni tano. Mama mwenyewe alisikia akauliza, "Mwanangu, milioni za kulala saa sita, si bora tuezeke lile banda?" Nikaamua kuigawa safari: kwenda mchana ekonomi, kurudi usiku bizinesi, wakati goti ni jipya na mguu unatakiwa uinuliwe. Mashirika mengi yanakubali tiketi moja ya kwenda na kurudi yenye madaraja mawili tofauti, ila kwenye programu ya simu usichague daraja moja kwa safari nzima; chagua kila upande peke yake, au mwambie wakala akutengenezee. Usikubali kukatiwa tiketi mbili za upande mmoja kabla hujalinganisha bei. Upande mmoja mara nyingi unazidi nusu ya bei ya kwenda na kurudi, na ukiahirisha tarehe unakuwa na tiketi mbili za kuhangaikia. Kwa hesabu hii niliongeza milioni moja na nusu hivi juu ya ekonomi.

Sasa ile siti ya mlango wa dharura. Nililipia laki na kitu. Wakati wa kulipia kuna kisanduku cha kutia tiki, nikatia bila kukisoma. Kisanduku kile kinasema anayekaa pale anathibitisha kwamba ana uwezo wa kufungua mlango na kusaidia wenzake kutoka. Mlango wa juu ya bawa kwenye baadhi ya ndege unazidi kilo 10, na unatakiwa kunyanyuliwa ukitupwa nje. Ndiyo maana mtoto, mjamzito, anayehitaji mkanda wa kuongezea na mwenye shida ya kutembea hawakalishwi pale, hata walipe kiasi gani. Na mimi nilikuwa nimemwombea mama wilichea kwenye tiketi hiyo hiyo! Kaunta waliona mambo hayo mawili kwa pamoja. Binti wa kaunta alisema kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama. Samahani sana, pale hatuwezi kukukalisha." Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu, nikalishe popote." Popote penyewe ilikuwa siti ya katikati. Fedha haikurudi, na haki yao, kwa sababu tiki niliweka mimi.

Nikampa mama siti yangu ya njiani, G, nami nikaenda katikati. Nilidhani nimemaliza. Kumbe siti ya G inapakana na njia kwa upande wa kushoto. Mguu wa kushoto, ulio mzima, ndio uliopata nafasi ya kunyooka. Wa kulia ulibaki umekunjwa chini ya kiti cha mbele. Ekonomi ina inchi 31 au 32 toka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti kinachofuata, kwa hiyo goti linakaa kwenye pembe ile ile muda wote. Saa mbili hazijaisha goti limevimba, sketi imembana. Kijana aliyekaa F, ng'ambo ya njia ile ile, alikubali kubadilishana, na hapo mguu wa kulia ukanyooka njiani.

Basi shika hesabu hii, maana sijamsikia wakala akiisema. Kwenye ndege pana yenye viti tisa kwa mstari, herufi kwa kawaida ni ABC, DEF, halafu GHJ au GHK. Goti la kulia likiwa bovu, kata C au F. La kushoto, kata D au G. Kwenye ndege nyembamba yenye njia moja, C ni ya goti la kulia na D ni ya kushoto. Toroli la chakula likipita mguu unarudi ndani, kwa hiyo mwenzake akae karibu amkumbushe. Mstari wa mbele kabisa, wenye ukuta, usiukimbilie: mguu unagota ukutani, meza imo ndani ya egemeo la mkono kwa hiyo egemeo halinyanyuki, na vitanda vya watoto wachanga hufungwa pale pale. Mstari ulio mbele ya mlango wa dharura, viti vyake mara nyingi havilali.

Na egemeo la upande wa njia, lile ambalo kila mtu anadhani limekazwa moja kwa moja, kwenye ndege nyingi linanyanyuka. Pitisha kidole chini yake, nyuma kabisa karibu na bawaba; kuna kitufe au kijiti kidogo. Kibonyeze huku unainua. Mama aliketi kwanza akiwa ameelekea njiani, kisha akageuza miguu ndani polepole, bila kujipindapinda kuvuka egemeo. Mhudumu wa ndege ndiye aliyetuonyesha, na kwangu kitufe hicho kina thamani kuliko mto na blanketi.

Wilichea ni bure kwa daraja lolote. Omba saa 48 kabla, na useme aina: WCHR ni anayeweza kupanda ngazi, WCHS hawezi ngazi ila anatembea ndani ya ndege, WCHC ni wa kufikishwa hadi kitini. Ukikosea aina, utaletewa mtu wa kusukuma tu, mkifika chini ya ngazi hakuna wa kumpandisha.

Kwa bizinesi ya kurudi nilichunguza ndege kabla ya bei. Karibu na namba ya safari mara nyingi kuna alama ya aina ya ndege: 788 ni Boeing 787-8, 223 ni Airbus A220-300, 7M9 ni Boeing 737 MAX 9. Air Tanzania, kwa mfano, ina 787-8 yenye viti 22 vya bizinesi na 240 vya ekonomi, na A220 yenye 12 na 120. Jina la daraja ni moja, lakini bizinesi ya ndege nyembamba mara nyingi ni kochi linaloegemea tu, na mgonjwa wa goti anahitaji kiti kinacholala au angalau chenye kuinua mguu. Muulize wakala neno moja: kinalala sawa, au kinaegemea? Akijibu "ni bizinesi, mama atafurahi," tafuta mwingine.

Jambo la pili ni masharti. Tiketi ya bizinesi ya bei ya chini kabisa inaweza kuwa haibadiliki tarehe, na daktari wa upasuaji hafungwi na tarehe yako. Nililipa zaidi kidogo kwa inayobadilika, na tuliibadilisha kweli, kwa siku tisa. Shirika pia linaweza kutaka fomu ya afya, MEDIF, ijazwe na daktari, ianze mapema. Kubahatisha kupandishwa daraja siku ya safari sikufanya, kwa sababu siti zikijaa mgonjwa hana pa kukimbilia.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, treni au basi. Nasi safari haikuishia Dar: hadi nyumbani Tanga kwa basi ni saa 6 hivi. Zile ndege ndogo za uwanja wa Tanga hazina madaraja na ngazi zake ni nyembamba, kwa hiyo sikuzifikiria. Tulilala Dar usiku mmoja, asubuhi nikakata siti mbili za upande wa mlango, mama akae njiani, mguu wa kulia ukielekea katikati ya basi. Chalinze tulishuka kunyoosha miguu, Segera tukashuka tena, na stendi ya Kange, Tanga, mama alishuka akitembea kwa mkongojo mmoja.