Kutoka Windhoek Hadi Kisarawe: Shamba Jipya na Kitoweo cha Porini

Miaka niliyoishi Windhoek ilinizoesha jambo ambalo hapa Dar es Salaam bado huwashangaza wageni wangu, nalo ni kuiweka nyamapori jikoni kama watu wanavyoweka nyama ya ng'ombe. Nchini Namibia nyama ya tandala na choroa huuzwa madukani bila kificho, na inapofika miezi ya baridi, ambayo ndiyo miezi ya kuwinda, familia nyingi hukata mapaja ya mnyama vipande virefu, huvipaka chumvi, siki na mbegu za giligilani, kisha huvitundika mpaka vikauke. Jambo hilo limewezekana kwa sababu sheria ya huko ya mwaka 1975 ilimpa mwenye shamba kubwa lililozungushiwa uzio haki juu ya baadhi ya wanyama waliomo ndani yake, hivyo mkulima humhesabu tandala kuwa sehemu ya mavuno ya ardhi yake.

Niliporudi nilitaka kitu kinachokaribiana na hicho: nyumba ibaki Ukonga, shamba liwe Kisarawe, na sufuria isikose kitoweo cha porini. Sehemu mbili za kwanza zimewezekana. Sehemu ya tatu imewezekana pia, ila kwa njia tofauti kabisa na niliyoizoea, na naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wanaojiandaa kurudi wakiwa na mawazo kama yangu.

Tuanze na ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi inayotafutwa na watu wa Dar es Salaam upande wa Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo ni ardhi ya kijiji, ambayo husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri haigawi ardhi kwa matakwa yake peke yake, bali hupeleka jambo mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na anayekubaliwa huweza kupatiwa hatimiliki ya kimila. Dalali atakuambia kwamba inatosha kuandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi wawili, na huenda akakuonyesha mihuri mingi ya kupendeza. Ushauri wangu ni kwamba usitoe hata shilingi moja kabla hujakaa na viongozi wa kijiji, hujatembea mipakani pamoja na majirani wa pande zote, na hujasikia kwa masikio yako kwamba hakuna shauri katika baraza la ardhi la kijiji. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine akumbuke kwamba asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji, hata kama babu yake amezikwa palepale.

Baada ya kisima na mikorosho, nilipanda mihogo, na hapo ndipo wanyama walipojitokeza. Nguruwe pori huja usiku kwa makundi, hufukua mihogo kwa pua, hula kidogo na kuharibu sana. Majirani zangu wengi ni Waislamu, kwa hiyo hakuna mwenye hamu na nyama yake, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya nguruwe hao kujiamini namna ile. Ngedere huchukua zamu ya mchana. Watu wa hapa hawana dawa nyingine zaidi ya kuamia: hujenga dungu, yaani jukwaa la kulindia mazao, katikati ya shamba, hupeana zamu za usiku, hupiga madebe na kuwasha mioto. Mgeni asiyeshiriki zamu hizo ataheshimiwa kwa salamu tu, lakini ukilala kwenye dungu usiku mmoja wa mvua, kesho yake utaletewa uji.

Asubuhi moja paa alivuka shamba langu polepole, mnene, asiye na haraka yoyote, nami nikamuuliza mzee wa jirani kama watu hawamtegi. Alinijibu, "Mwanangu, shamba ni lako, lakini huyo ana mwenyewe." Alikuwa akieleza sheria kwa ufupi kuliko wakili yeyote. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya Serikali, awe hifadhini au kwenye mihogo yako, na nyama yake huingia katika kundi la nyara za Serikali sawa na ngozi na pembe. Anayekutwa nayo ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba aliipata kihalali. Gobore la kurithi au mtego wa waya uliowekwa "kwa ajili ya kitoweo tu" unaweza kumpeleka mtu jela kwa miaka mingi, na kilo mbili ulizoletewa na rafiki kwa wema zinaweza kukuingiza katika kesi ileile.

Wanyama wakizidi nguvu za dungu, njia ni kutoa taarifa kwa viongozi wa kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama waliotajwa kwenye kanuni kuwa hatari, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina yenyewe yanakuonya kwamba hiyo si fidia kamili. Wenzetu wa kusini zaidi, upande wa Rufiji na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wana mgeni mzito zaidi, yaani tembo, nao hufunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu au hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba.

Sasa kitoweo chenyewe kinatoka wapi? Mwaka 2019 Rais Magufuli aliagiza wananchi wawezeshwe kununua nyamapori kihalali, na kanuni za biashara hiyo zikatolewa mwaka 2020, zikaruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Ninanunua huko, na stakabadhi naihifadhi mpaka kipande cha mwisho kiliwe. Sinunui nyama ya gizani, na sababu si polisi peke yao. Nyama isiyopimwa inaweza kutoka kwa mnyama aliyekufa kwa kimeta, na nyama ya nguruwe pori au ngiri huweza kuwa na minyoo isiyokufa kwa kukaushwa wala kwa moshi, bali kwa kupikwa hadi iive kabisa.

Katika upishi, kumbuka kwamba nyamapori nyingi haina mafuta ndani yake. Ukiichoma kama mishikaki ya ng'ombe itakauka kabla haijaiva. Mimi huipaka papai bichi lililosagwa pamoja na tangawizi na ndimu kwa saa chache tu, kwa sababu papai likikaa usiku kucha huifanya nyama ivurugike, kisha huipika taratibu kwenye mkaa, mfuniko ukiwa na makaa juu yake, na tui zito la nazi naliweka mwishoni. Nyama ya pofu husamehe makosa mengi ya mpishi. Ya nyati haisamehi.

Nyama kavu ya mtindo wa Windhoek ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mji ule uko juu, takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu, kwa hiyo nyama hukauka yenyewe kivulini. Hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu wa bahari, na kipande kinene kilichotundikwa hapa huota ukungu kabla hakijakauka. Mama mmoja wa kule shambani alinielekeza kwenye uchaga, akanionyesha namna ya kukata vipande vyembamba kama kidole, kuvikoza chumvi na kuvikausha juu ya moto mdogo wa moshi, jambo ambalo Pwani imelifanya kwa samaki tangu zamani. Nimeongeza siki na giligilani zangu, naye amezikubali kwa shingo upande. Kazi hiyo naifanya wakati wa kipupwe tu. Masika yakiingia nyama yote huenda kwenye friza, na umeme ukikatika muda mrefu, majirani wa Ukonga hualikwa chakula mapema kuliko nilivyokuwa nimepanga.