Siku moja na kompyuta zilizokataa kustaafu

Saa 2:00 asubuhi. Kabla ya kuwasha chochote nafungua kasha na kukagua kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi. Bodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilifungwa kapasita mbovu, na ukikuta imevimba kichwani au imevuja, usianze kuilaumu Windows.

Mimi ni fundi wa kompyuta zinazotumia mifumo endeshi ya zamani: DOS, Windows 98, Windows XP. Wanaoniona na flopi mkononi hudhani nakusanya vitu vya makumbusho. Hapana. Kompyuta hizi zinalisha watu. Moja inaendesha mizani, nyingine kipimo cha maabara, nyingine imebeba hesabu za ofisi zilizoanza kabla karani wa sasa hajaajiriwa. Mashine iliyounganishwa nayo bado nzima, programu bado inafanya kazi yake, ila walioiandika hawapatikani tena. Kinachochoka ni kompyuta iliyo katikati.

Saa 3:00. Windows 98 inalalamika kwamba kumbukumbu haitoshi, na kumbe mtu ameiongezea ramu mpaka GB 1. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Ikipita MB 512, Vcache, yaani sehemu inayoshikilia faili kwa muda, hujitanua hadi kumaliza nafasi ya anwani inayohitajiwa na programu nyingine. Mstari mmoja wa MaxFileCache, unaoiwekea kikomo ndani ya faili ya SYSTEM.INI, umemaliza mgogoro. Inayofuata ni ya DOS: draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, zimejazana ndani ya zile KB 640 za mwanzo za kumbukumbu, nikazihamishia juu kwa HIMEM.SYS na EMM386.EXE, programu za DOS za kusimamia kumbukumbu, programu ya hesabu ikafunguka. Ya tatu inaandika "NTLDR is missing", yaani faili ya kuamshia Windows haionekani. Ilikuwa na flopi iliyosahaulika ndani. Nimeitoa, imewaka.

Saa 5:00 kasoro robo anaingia mteja amekumbatia kompyuta ya XP.

"Fundi, diski imekufa. Nipigie Windows upya, nasubiri hapa hapa."

"Bosi, nipe nafasi niitazame kwanza."

"Ya nini kutazama? Kijana wangu ameshaiangalia. Piga Windows tu."

Nimeiwasha. Skrini ya bluu, kosa 0x0000007B. Maana yake ni kwamba XP imeanza kuamka, kisha ikashindwa kuifikia diski yenyewe inayoamkia. Inaweza kuwa diski mbovu, kweli, lakini inaweza kuwa mambo mengine pia. Ninachojua kwa hakika ni kwamba ukifomati kabla ya kujua, umefuta programu ambayo mteja hana CD yake. Kompyuta hii inaendesha mashine ya kukata chuma kupitia ule mlango mpana wa printa wenye pini 25. Programu yake hutuma mapigo ya umeme moja kwa moja kwenye mlango huo, na kigeuzi cha USB hakiwezi kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo nimekataa kufomati. Amekasirika, akapiga simu mbele yangu kumweleza mtu kwamba fundi anamchelewesha.

Sheria yangu haina msamaha: nakala kwanza, matengenezo baadaye. Nimeitoa diski, nikaiunganisha kwenye kompyuta ya Linux na kuanza kuinakili kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo husomba sehemu zilizo nzima kwanza halafu inarudi kuhangaika na zilizoharibika. Mwanzo ilikimbia. Kisha ikafika eneo bovu, kasi ikashuka mpaka namba kwenye skrini zikawa kama hazisogei. Hapo mteja akaanza. Kila baada ya dakika chache: imefika wapi? Mbona imesimama? Hiyo si imeganda? Kwa nini usiizime uanze upya? Nikamweleza kwamba diski inayougua hupewa muda. Akasema mafundi wengine hufanya kazi hii kwa nusu saa. Mchana ulipita hivyo, yeye akizunguka kiti changu, mimi nikirudia jibu lile lile kwa sauti ile ile. Nasema wazi kwamba mgongo na subira vilikuwa vimechoka pamoja.

Wakati nakala inaendelea niliwasha kompyuta bila diski, nikaingia BIOS, programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows. Tarehe imerudi miaka mingi nyuma. Nikapima betri ya CR2032, ambayo inapaswa kuwa na volti 3. Ilikuwa imekwisha kabisa.

"Bosi, umeme ulikatika karibuni?"

Kimya. Nikauliza tena.

"Jana usiku. Lakini hilo lina uhusiano gani na diski?"

Lina uhusiano wote. Betri hiyo ndiyo inayoshikilia mipangilio ya BIOS kompyuta ikikosa umeme. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani muda wote, betri inaweza kufa na mtu asijue. Umeme ulipokatika, BIOS ilisahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwenye bodi hii diski za SATA, yaani aina ya diski iliyomo, zikapelekwa kwenye AHCI, njia mpya zaidi ya bodi kuongea na diski. XP ilitoka Oktoba 2001, kabla AHCI haijakuwepo, kwa hiyo haikuja na draiva yake. Aliyeifunga zamani aliiweka kwenye IDE, njia ya zamani ambayo XP inaijua, akaondoka bila kuandika popote.

Nakala ilikamilika jioni, ikiwa na madoa machache tu katika faili zisizo muhimu. Betri mpya, SATA irudi IDE, diski mpya ndani. XP imewaka, lakini inatambaa. Nilitarajia: makosa ya mawasiliano na diski yakifika sita, XP huanza kuishusha kutoka DMA, njia ya haraka ya kusafirisha data, na mwisho hufika PIO, ya polepole, wala haipandishi tena yenyewe, na kumbukumbu ya makosa ya diski ya zamani ilikuja na nakala. Nikafuta chaneli ya IDE kwenye orodha ya vifaa, nikawasha upya, ikajitambua kwa DMA. Programu ya kukata chuma imefunguka na michoro yake yote.

Mteja ameitazama muda mrefu. Hakusema samahani, ila aliniita "fundi" kwa sauti nyingine. Kisha akaomba nimwekee na intaneti.

Tukaanza ubishi mpya, saa ngapi sikumbuki. Microsoft iliacha kuilinda XP tarehe 8 Aprili 2014, na kompyuta hii haina sababu ya kugusa mtandao. Michoro ataihamisha kwa flashi iliyokaguliwa kwenye kompyuta nyingine. Alipokubali, nimezima kadi ya mtandao, nikaandika mipangilio yote ya BIOS kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kasha, pamoja na tarehe ya kubadili betri.