Siku Isiyo na Gofu

Mama alikuwa akibangua korosho barazani, nami nimetandaza ramani ya pwani ya Kenya juu ya mkeka. Kikombe cha chai kilishikilia kona moja, kandambili kona nyingine, maana upepo wa Septemba pale Magomeni, Mtwara, hauachi karatasi itulie. Nilikuwa napima barabara kwa uzi, huku nikisoma majina kwa sauti nisije nikaruka: Tanga, Horohoro, Lungalunga, Ramisi, Msambweni, Ukunda, Likoni.

Mlio wa kubangua ukakatika.

"Umesema wapi hapo katikati?"

"Msambweni, mama?"

"Kabla yake."

"Ramisi."

Akaweka jiwe chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja kukaa pembeni ya mkeka. Mama hajui kusoma. Alitaka nimwekee kidole. Nikaweka. Akakiangalia kile kidole muda mrefu, na mimi nikaogopa kukiondoa.

Ilikuwa mwaka 2017. Ramani ile ilikuwa kazi niliyokabidhiwa na wenzangu, maana mwezi Januari tulikuwa tunataka kwenda kucheza gofu nje ya nchi, kwa mara ya kwanza, kikundi kizima.

Tulikuwa wanane, na kila mmoja gofu aliikuta mahali pengine. Mimi nilijifunzia Morogoro nikiwa mwanafunzi Mzumbe, kwa kubeba mifuko ya watu Jumamosi pale klabu ya Gymkhana, chini ya milima ya Uluguru. Afande, mwanajeshi mstaafu, aliitoa Lugalo, kambi ya jeshi Dar. Daktari aliipata masomoni Afrika Kusini. Shangazi, tuliyemwita hivyo wote, aliistaafu benki lakini gofu ya Arusha hakuistaafu. Walikuwepo vijana watatu wa biashara ya korosho. Na alikuwepo Mwalimu, aliyeanza akiwa na miaka 59, hapohapo mchangani kwetu, na hakuna aliyeipenda kama yeye.

Nasema mchangani kwa sababu hatukuwa na uwanja. Tulichezea ufukwe wa Shangani, maji yanapokupwa. Siku za bamvua bahari hurudi nyuma mbali sana, ikaacha mchanga mgumu, umelowa. Tulifukia makopo ya maziwa ya unga yawe mashimo, tukasimika vijiti vyenye vitambaa vyekundu, tukacheza hadi maji yaanze kutulamba visigino. Watoto wa wavuvi walijua mpira wa nani umeangukia wapi kuliko sisi wenyewe. Raha yake siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kucheza uwanja unaofutika kila siku na kuzaliwa upya. Lakini mchanga uliolowa una tabia yake: mpira ukianguka haubingiriki, unajichimbia. Kwa hiyo sote tulikuwa tumejizoesha kupiga juu, mpira uruke hadi kwenye kopo. Nyasi zingetutaka kitu kingine kabisa, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi nilipopewa kazi ya kuchagua viwanja. Nilihofia kumpeleka Mwalimu mahali ambapo angejiona hajui.

Kijana mmoja alianza na Uskoti, St Andrews, liwalo na liwe. Mwalimu akafurahi, kwa sababu hiyo ilikuwa hadithi yake. Alipenda kutusimulia kwamba gofu ya kule nayo ilikulia mchangani, kwenye ardhi ya pwani isiyofaa kilimo, yenye upepo na majani mafupi. Kwamba ule Uwanja Mkongwe wa St Andrews ni wa umma. Na kwamba kwa kawaida Jumapili haupigwi mpira, watu wa mji huutembelea na mbwa wao kama sisi tunavyotembea Shangani. Kila aliposimulia sehemu ya Jumapili alitabasamu. Tulipopiga hesabu ya nauli, viza na malazi ya watu wanane, Uskoti ikabaki kuwa ya Mwalimu ya kusimulia.

Basi Kenya. Na Januari, kwa sababu vuli inakuwa imekwisha, masika bado, kaskazi inavuma taratibu. Na kwa sababu fedha za korosho zinakuwa zimeshafika mikononi. Msimu ule bei mnadani ilikuja kupita shilingi 4,000 kwa kilo, na vijana wetu walichangia bila kukumbushwa.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa ndege kutoka Dar hadi Mombasa. Nyali siku mbili, ule uwanja wa mashimo 18 ng'ambo ya daraja. Klabu ya Mombasa siku moja, mashimo 9 juu ya majabali ya bahari. Halafu kumalizia Vipingo, kaskazini, ukishapita Mtwapa, kwenye uwanja wa Baobab ambao vijana walikuwa wanauangalia kwenye simu kila jioni. Kusini ya Likoni nilikuacha kabisa. Nilisikia foleni ya kivuko cha Likoni inakula siku, nikaona nitawachosha watu bure.

Huo ndio mpango niliokuwa naunyoosha siku mama aliponiuliza habari za Ramisi.

Mama alikuwa na kaka. Nilijua hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa jina lake ndilo jina langu. Aliondoka Newala mama akiwa msichana mdogo, akaenda manamba, kukata mkonge Kenya. Ilifika barua moja tu, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake, ikisema ameuacha mkonge, sasa yuko Ramisi kwenye miwa. Baada ya hapo kimya. Bibi yangu alikufa akiisubiri barua ya pili. Kwetu Wamakonde ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba si mgeni wa sikukuu, ni nguzo ya nyumba. Ile nyumba ilikaa bila nguzo, na mama alinipa mimi jina lake ili walau litamkwe.

Nilikuwa nimesikia redioni, mwaka mmoja kabla, kwamba Wamakonde wa Kwale, kaunti iliko Ramisi, wametembea hadi Nairobi kudai vitambulisho, watu waliozaliwa na kuzeeka Kenya bila uraia. Na mwaka huohuo wa 2017 walikuwa wameshatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi ile. Nilisikiliza kama habari za watu wengine. Sikuwahi kuliunganisha na jina langu, na hilo linaniuma hadi leo.

Mama hakuniomba nimtafute. Aliuliza tu, "Na nyie mtapita hapo?"

"Hapana, mama. Tutapita juu, na ndege."

"Haya," akasema. Akarudi kwenye korosho zake.

Usiku nikaipanga safari upya. Basi hadi Dar, basi hadi Tanga, tuvuke Horohoro. Ukishaingia Lungalunga, barabara yenyewe inakupitisha Ramisi na Msambweni kabla ya Ukunda, na Ukunda ndiyo njia ya Diani, na Diani pana uwanja wa Leisure Lodge, mashimo 18. Kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyoona kwamba hata kwa gofu peke yake mpango huu ulikuwa bora. Watu wamechoka na barabara, waanzie mahali wanapoweza kulala, kuogelea na kucheza bila haraka. Nyali na Mombasa zije katikati. Vipingo iwe mwisho, miguu ikiwa imeshazoea nyasi. Nikasoma pia kwamba Vipingo penyewe, tulikokutamani miezi yote ile, uwanja umejengwa katika ardhi ya mkonge. Nikaweka kalamu chini nikakaa nayo habari hiyo.

Halafu nikafanya kosa. Nikaandika Diani siku tatu, michezo miwili, na ile siku ya katikati nikaiandikia neno moja: mapumziko.

Tulikutana Jumamosi kwa Daktari, Shangani, barazani. Palikuwa na ming'oko ya kuchemsha na pweza wa nazi, na maji yalikuwa yamejaa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda ufukweni. Nikagawa karatasi.

Afande ndiye aliyeanza, na hakuanzia kwenye karatasi yangu. Alitaka Nairobi. Mashindano ya wazi ya Kenya yanachezwa tangu 1967, akasema, mengi yake katika klabu ya Muthaiga, na mtu aliyecheza gofu maisha yake yote hawezi kufika Kenya akarudi bila kukanyaga pale. Isitoshe treni mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilikuwa imeanza mwaka uleule. Alisema kwa hamu ya kweli na ilikuwa vigumu kumpinga. Daktari akamjibu kwa hesabu. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko ulivyozoea. Fimbo inayokupa mita 130 Shangani itakupa 140 na zaidi. Unahitaji siku mbili kujua tu mikono yako inafanya nini, na sisi hizo siku hatuna. Shangazi akasema goti lake linataka tambarare na kigari, na kwamba pale Mombasa atacheza mashimo yake tisa kisha atakaa kutazama meli zikiingia Kilindini. Suala la hendikapu, ile namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, kwa Mwalimu, ambaye hakuna klabu iliyowahi kumhesabia mikwaju ya mchangani, lilimalizwa upesi: Desemba angekwenda kwa binti yake Dar, ajiunge na klabu, acheze, apate cheti.

Ndipo Shangazi akageuza karatasi.

"Hii siku ya pili, mapumziko. Tunapumzikia nini? Tutakuwa tumecheza mara moja."

Nikasema barabara ni ndefu. Akaniangalia. Shangazi alimfahamu mama, walinunua samaki pamoja feri.

"Sema, mwanangu."

Nikasema. Nilidhani nitatumia dakika mbili, nikajikuta nasimulia hadi barua, hadi bibi, hadi kidole juu ya ramani. Nilipomaliza, mmoja wa vijana alikuwa ameacha kula.

Afande akanyamaza kidogo, kisha akasema bila ukali, "Safari ya watu wanane haipangwi kwa jambo la mtu mmoja."

Alikuwa na haki, nami nikamwambia hivyo. Wote walikuwa wamechanga sawa. Wote walikuwa wameweka mezani wanachokitaka, waziwazi: yeye Muthaiga, Shangazi meli zake, vijana Vipingo. Mimi peke yangu nilikificha changu ndani ya neno. Nikasema siku hiyo wao wacheze, mimi nitapanda matatu peke yangu, jioni tutaonana.

"Futa hilo neno," Mwalimu akasema. "Andika unachokwenda kufanya."

Nikafuta mapumziko. Nikaandika: Ramisi na Msambweni.

Afande akaichukua karatasi, akaisoma kama anavyosoma kila kitu, kuanzia juu. "Sasa hapa imeandikwa," akasema. "Kilichoandikwa kwenye ratiba ya kikundi ni cha kikundi. Ugenini hatugawanyiki." Hakuitaja Muthaiga tena jioni ile, wala siku nyingine.

Tukaondoka Januari. Mama alinipa kilo mbili za korosho alizobangua kwa mkono wake, nzima nzima, na maneno machache: "Usiwaulize kwanza. Wape kwanza."

Diani siku ya kwanza Mwalimu alipiga mpira wake juu kama tulivyozoea, ukaanguka, ukabingirika, ukapita bendera, ukaendelea. Alisimama kuuangalia ukienda. Kisha akainama akagusa nyasi kwa kiganja. Kufikia shimo la sita alikuwa anapiga chini chini, kama mtu aliyezaliwa pale.

Kesho yake tukapanda gari sote wanane. Ramisi kile kiwanda cha zamani cha sukari kilishakufa tangu miaka ya 1980, na watu tuliowauliza wakatuelekeza Makongeni, upande wa Msambweni. Tukapelekwa kwa bibi mmoja aliyekaa chini ya mwembe. Nikamsalimia shikamoo, nikampa mfuko, sikuuliza kitu. Akaufungua, akachukua korosho moja, akainusa kabla ya kuila. Kisha akanisemesha Kimakonde, kile kizito cha Newala, ambacho Mtwara mjini siku hizi nakisikia kwa mama tu.

Jina la mjomba hakulijua. Alisema walikuwa wengi, na wengi walijiita majina mengine ili waishi. Alisema hivyo kwa upole, akinishika mkono. Sikujua la kufanya, nikampigia mama, nikamwambia niko na nani, nikampa bibi simu.

Walianza na ukoo. Wakaenda kwenye vijiji. Wakafika kwenye visima vya bondeni ambavyo wasichana walishuka kuchota maji enzi hizo, na bibi akaanza kucheka, halafu akawa hacheki, halafu akacheka tena. Sisi tulikaa chini kando yake. Mfuko wa korosho ulizunguka mkono kwa mkono. Jua lilivuka mwembe, na hakuna aliyetazama saa, hata Afande, ambaye tangu Mtwara ndiye aliyekuwa akituhesabia muda.

Katikati ya neno simu ikakata. Vocha ilikuwa imekwisha. Bibi akaniangalia, simu bado iko sikioni.

Afande akanyanyuka, akajipangusa suruali, akatoka kuelekea dukani.