Kabla hujanunua hita, inua macho uangalie mabati

Julai ikifika hapa Nairobi kila mtu anauliza hita inauzwa pesa ngapi. Naelewa kabisa, huu mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jua linaweza kupotea siku nyingi mfululizo, usiku nyuzi zinashuka hadi 12 hivi na saa zingine chini ya hapo, halafu nyumba zetu nyingi zimejengwa kama vile tunaishi Mombasa. Lakini hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili za stima kila saa, na kama juu yako ni mabati matupu, ukiizima tu baridi imerudi hata hujamaliza chai. Joto unalo, ni vile halikai.

Joto siku zote linatoka penye moto kwenda penye baridi na hakuna kitu kinalisimamisha kabisa, kazi yetu ni kulichelewesha tu. Linapita kwa vitu vinavyogusana, linabebwa na hewa inayozunguka, na linarushwa hivi hivi bila kugusa kitu, vile unavyosikia jua usoni hata upepo ukiwa baridi. Na kile kitu kizuri sana cha kulichelewesha tunacho bure, ni hewa, bora tu itulie. Chuma kinapitisha joto mara kama 2,000 kuliko hewa iliyotulia! Blanketi, sweta ya mtumba kutoka Gikomba, ile foamu nyeupe ya kupakia TV, pamba ya glasi, zote kazi yao ni moja: kushika hewa kwa vijishimo vidogo vidogo isipate nafasi ya kuzunguka. Blanketi halitoi joto hata kidogo, joto ni lako, lenyewe linakuwekea.

Sasa rudi kwa mabati. Bati la geji 30 halifiki hata nusu milimita unene. Ingia chumba cha mabati Mukuru ama Mathare saa nane mchana mwezi wa pili, nyoosha mkono juu bila kugusa kitu, utasikia kiganja kinachomeka kwa sababu lile bati linaweza kufika nyuzi 60 na linarusha huo moto wote chini, kwa kichwa, kwa kitanda, kwa mtoto aliyelala. Kwa hivyo kufungua mlango kunasaidia kidogo tu, hewa inabadilika lakini bati bado linarusha. Usiku ukifika mambo yanageuka. Mbingu ikiwa wazi bati linarusha joto lake huko juu hadi linakuwa baridi kuliko hewa ya nje yenyewe, pumzi za watu wanne na mvuke wa sufuria zinagonga hilo bati na kugeuka maji, na alfajiri unaona matone yamejipanga kwa kila mkunjo, yanaanza kuanguka moja moja pale karibu na misumari. Watu wanadhani paa linavuja. Halivuji, ni nyumba imekosa kitu katikati ya watu na bati.

Hapo ndio mimi hukasirika na mafundi wanaowaambia watu, "Mama, silingi ni urembo, hiyo utaweka baadaye pesa ikipatikana." Silingi si urembo! Kama una pesa ya rangi ya ukuta na huna silingi, wacha rangi. Hata sofutibodi ya kawaida, ule ubao mwepesi wa silingi, inabadilisha nyumba, kwanza inazuia huo mwali wa bati, pili inakupa hewa iliyofungiwa huko juu. Ukiweza kuongeza sentimita 5 za ile foamu nyeupe juu ya silingi, hizo sentimita tano zinachelewesha joto kama ukuta wa zege wa zaidi ya mita moja unene, na nyepesi mtoto anabeba. Wengine wanaweka karatasi ya foili chini ya bati, hiyo nayo ni nzuri hasa kwa joto la mchana kwa sababu inarudisha mwali, lakini upande unaong'aa lazima uangalie nafasi wazi, ukiibandika igusane na bati joto linapita tu kama kawaida.

Na wale wanaopigilia katoni kwa ukuta wa mabati, msiwacheke. Katoni ina mawimbi ndani na kila wimbi limeshika hewa, hiyo ni insulesheni kamili, yaani kitu cha kuchelewesha joto. Ubaya wake ni mbili. Moja ni maji, juu maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hivyo katoni ikilowa, ama blanketi, ama hata pamba ya bei ghali, kazi imeisha hadi ikauke. Ya pili ni moto. Katoni na sponji wazi karibu na waya za stima zilizounganishwa ovyo ni hatari kubwa, tunajua vile moto hupita kwa ploti za mabati. Foamu yoyote lazima ifunikwe na jipsamu ama plasta, usiiache uchi kwa sababu eti fundi amesema haina shida.

Nyumba za mawe ziko na tabia tofauti. Jiwe halizuii joto sana, linalimeza na kulitoa polepole, ndio maana Februari ukuta uliopigwa na jua jioni nzima bado una joto saa tatu usiku.

Kitu kingine ni sakafu. Ukilala na godoro jembamba kwa simiti utajifunika blanketi tatu na bado mgongo unaganda, juu uzito wa mwili unafinya hewa yote hapo chini inaisha, na simiti inakunywa joto lako usiku kucha. Toa blanketi moja juu uweke chini, na katoni kavu chini ya godoro. Asubuhi isimamishe ikauke.

Halafu tafadhali sana, usiingize jiko la makaa ndani ufunge kila tundu ulale. Kila msimu wa baridi tunazika watu hivyo. Ile kaboni monoksaidi haina harufu na haikuamshi. Kuzuia joto lisitoke si kuziba hewa, zibeni nyufa za kando ya mlango lakini tundu la juu la ukuta liacheni wazi.

Na mwenye anapanga, landilodi hataki uguse silingi yake, anzia jikoni na lile kapu la kupikia. Kapu kubwa, ndani linazungushiwa sponji ama vitambaa vya fundi wa nguo pande zote hadi chini, na mto mnene wa kufunika juu. Loweka maharagwe usiku, yamwage hayo maji, yachemshe kwa jiko yatokote kabisa kwa nguvu dakika 10 au zaidi maana maharagwe mekundu yasipochemka vizuri yana sumu ya kuumiza tumbo, yakianza kulainika funika sufuria uiingize kapuni ikiwa bado inatokota. Sufuria ijae, ikiwa nusu inapoa haraka. Usifungue kuchungulia. Yanaendelea kuiva yenyewe bila makaa wala gesi wewe ukiwa kazini, na ukirudi ukipata sufuria imeshuka imekuwa vuguvugu, yatokoteshe tena kabla ya kupakua.